Hujala tangu jana, mbona sukari imepanda?

*Wagonjwa wengi wa kisukari hulaumiwa kwa namba ya asubuhi. Sayansi yenye umri wa zaidi ya miaka 170 inasema tulitazame ini kwanza.*

Na Mwandishi Wetu

SAA moja asubuhi mabenchi ya kliniki ya kisukari yameshajaa. Wengi wametoka nyumbani kabla jua halijachomoza na hawajatia kitu mdomoni tangu jana usiku, kwa kuwa ndivyo walivyoagizwa. Kadi zimerundikwa mezani. Nesi anafuta ncha ya kidole kwa pamba yenye spiriti, anatoboa, anaminya kidogo, na tone la damu linanyonywa na kijiti kilichochomekwa kwenye mashine. Zinapita sekunde chache, namba inatokea.

Ikiwa 6, mgonjwa anashusha pumzi na kusogea kwa daktari. Ikiwa 11, maswali yanaanza.

"Jana usiku umekula nini, mama?"

"Ugali kidogo na mchicha, sista. Tangu hapo ni maji tu."

"Sukari haipandi yenyewe, mama. Sema ukweli tukusaidie."

Aliyewahi kumsindikiza mzazi au shangazi yake kliniki anayajua mazungumzo ya namna hii. Mgonjwa hujitetea mara moja, mara mbili, kisha hunyamaza. Wapo wanaorudi nyumbani wakijishuku. Wapo wanaoamua kwamba mashine ni mbovu. Na wapo wanaokata mguu kliniki, kwa sababu hakuna mtu mzima anayependa kuitwa mwongo mbele za watu.

Mara nyingi mgonjwa huyo anasema kweli. Sehemu kubwa ya sukari iliyokutwa kwenye damu yake asubuhi ile haikutoka kwenye sufuria ya jana. Ilitengenezwa usiku, yeye akiwa amelala, na ini lake mwenyewe.

Kila kitabu cha tiba kinalieleza jambo hili. Kwa mgonjwa, hata hivyo, mara nyingi halifiki, na kutofika kwake kuna gharama. Mtu asiyejua kwamba mwili wake unatengeneza sukari huacha dawa siku asipokula. Huacha insulini mtoto anapougua na kukataa chakula. Hufunga bila kushauriana na mtu. Baadhi yao hawaamki.

Kijiko kimoja cha chai

Mtu mzima ana takribani lita 5 za damu. Ukikusanya glukosi yote iliyomo humo kwa mtu mwenye afya ambaye hajala, utapata gramu 4 au 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Hicho ndicho kiasi ambacho mwili hukilinda usiku na mchana.

Ubongo peke yake hutumia kama gramu 120 za glukosi kwa siku, wastani wa gramu 5 kila saa. Chembe nyekundu za damu nazo hazina mitokondria, vile viungo vidogo vya seli vinavyotoa nguvu kwa msaada wa oksijeni, kwa hiyo hutegemea glukosi tu. Kama kusingekuwa na kinachojazia, kijiko kile kingekwisha ndani ya saa moja.

Hata hivyo mtu mwenye afya hulala kwa saa nane na kuamka sukari yake ikiwa palepale, kati ya milimoli 4 na 5.5 kwa lita. Shirika la Afya Duniani limeweka 7.0 kuwa kiwango ambacho, kikirudiwa kupimwa kabla ya kula na kikabaki hapo au juu zaidi, mtu huhesabiwa kuwa na kisukari.

Anayejazia ni ini. Kwa mtu wa kilo 70, ini humimina kwenye damu kama gramu 8 za glukosi kila saa ya usiku. Hufanya hivyo kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kuvunja akiba. Baada ya kula, ini huunganisha glukosi nyingi kuwa glikojeni, kama gramu 100 hivi, na usiku huimegua kidogo kidogo. Misuli ina glikojeni nyingi zaidi, gramu 400 hivi, lakini ni ya matumizi yake yenyewe, kwa sababu misuli haina kimeng'enya cha mwisho kinachoiwezesha glukosi kutoka nje ya seli.

Ya pili ni kutengeneza glukosi mpya kabisa. Ini huchukua asidi ya laktiki inayotoka kwenye misuli na chembe nyekundu, gliseroli inayotoka kwenye mafuta ya mwili, na amino asidi zinazotoka kwenye protini, kisha kuzijenga upya kuwa sukari. Baada ya usiku mmoja bila chakula, njia hizi mbili huchangia karibu sawasawa. Baada ya siku nzima au zaidi kidogo, akiba inakuwa karibu imekwisha na sukari inayotengenezwa upya ndiyo inayomuweka mtu hai. Figo nazo husaidia.

> Sukari yote iliyo kwenye damu ya mtu mwenye afya asiyekula inatosha kijiko kimoja cha chai. Ini hukijaza upya usiku kucha.

Mbwa waliokula nyama tu

Hadi katikati ya karne ya 19, wanasayansi wa Ulaya waliamini kwamba mimea ndiyo inayotengeneza sukari na wanyama huivunja tu. Aliyeipindua imani hiyo ni Claude Bernard, mwanafiziolojia Mfaransa aliyefanya kazi zake Paris.

Mwaka 1848 Bernard aliwalisha mbwa nyama tupu, chakula kisicho na sukari wala wanga, kisha akapima damu. Damu iliyokuwa ikitoka kwenye ini ilikuwa na sukari tele. Wapinzani wake walisema sukari hiyo ilikuwa imejificha humo tangu zamani.

Mwaka 1855 akawajibu kwa jaribio ambalo bado linafundishwa. Alichukua ini la mbwa aliyetoka kufa, akapitisha maji kwenye mishipa yake kwa dakika 40 hadi yakawa yanatoka bila sukari hata chembe. Akaliacha ini hilo. Kesho yake alipolipima tena, sukari imejaa. Ini lililooshwa likawa safi lilikuwa limetoa sukari yake lenyewe. Mwaka 1857 akafanikiwa kuitenga glikojeni yenyewe.

Kipande kilichofuata kiliwekwa na mke na mume, Gerty na Carl Cori, waliozaliwa Prague na kuhamia Marekani mwaka 1922. Walionyesha kwamba misuli inapofanya kazi ngumu hutoa asidi ya laktiki, inayosafiri kwa damu hadi kwenye ini, inageuzwa kuwa glukosi na kurudi tena kwenye misuli. Mzunguko huo, walioueleza mwaka 1929, hadi leo unaitwa mzunguko wa Cori. Mwaka 1947 walipata Tuzo ya Nobel pamoja na Bernardo Houssay wa Argentina. Gerty akawa mwanamke wa kwanza kushinda Nobel ya tiba.

Kazi mbili ndani ya seli moja

Hapo likabaki swali gumu. Seli ileile ya ini huvunja glukosi ili kupata nguvu, na huitengeneza ili kuwapa wengine. Kuvunja glukosi moja kwa hatua 10 za mwanzo huipatia seli molekuli 2 za ATP, ambayo ndiyo nguvu inayotumika ndani ya seli. Kutengeneza glukosi moja kutoka mwanzo hugharimu molekuli 6 za aina hiyo. Hatua 7 kati ya zile 10 hutumiwa na kazi zote mbili, mbele au nyuma.

Kazi zote mbili zikienda kwa kasi kwa wakati mmoja, seli itapoteza molekuli 4 kila mzunguko bila faida yoyote, sawa na mtu anayeteka maji kisimani na kuyamwaga humohumo mpaka mikono ikamchoka.

Seli huepuka hasara hiyo kwa hatua 3 zilizobaki. Katika kila moja ya hizo, kimeng'enya kinachovunja ni tofauti na vile vinavyojenga, hivyo upande mmoja unaweza kuzimwa huku mwingine ukiwashwa.

Hatua ya katikati inastahili kutazamwa kwa karibu. Kimeng'enya kimoja hupachika fosfeti ya pili kwenye sukari aina ya fruktosi, na sukari hiyo inaelekea kuvunjwa. Kimeng'enya kingine huiondoa fosfeti hiyo, na sukari inaelekea kuwa glukosi. Nani ashinde? Jibu lilipatikana Ubelgiji mwaka 1980, pale Henri-Géry Hers na Emile Van Schaftingen walipogundua molekuli ndogo inayoitwa fruktosi-2,6-bisfosfeti. Ikiwapo kwa wingi, huchochea kuvunja na kuzuia kujenga. Ikipungua, mambo hugeuka.

Sasa ifuate usiku mmoja. Chakula kimekwisha kusagwa na sukari ya damu inaanza kuteremka. Kongosho inatoa homoni ya glukagoni. Glukagoni inafika kwenye ini na kushika utando wa seli, haiingii ndani. Ndani, mjumbe anayeitwa AMP duara anaongezeka. Ugunduzi wa mjumbe huyo ulimpatia Earl Sutherland Nobel ya mwaka 1971. Mjumbe anaamsha kimeng'enya ambacho kinapachika fosfeti moja kwenye kimeng'enya kingine chenye sehemu mbili: sehemu moja hutengeneza fruktosi-2,6-bisfosfeti, nyingine huiharibu.

Fosfeti hiyo moja inazima sehemu inayotengeneza na kuwasha inayoharibu. Fruktosi-2,6-bisfosfeti inatoweka. Kuvunja sukari kunapungua, kujenga kunashika kasi, na glukosi inaanza kutoka kwenye ini kwenda kwenye ubongo.

Asubuhi mtu akinywa uji, kongosho inatoa insulini, fosfeti ile inaondolewa, na hali inageuka upya. Kwamba seli inaweza kuwasha na kuzima vimeng'enya kwa kupachika na kuondoa fosfeti kuligunduliwa Seattle katika miaka ya 1950 na Edmond Fischer na Edwin Krebs, waliopewa Nobel mwaka 1992.

Insulini ina kazi nyingine ya polepole zaidi. Kwa muda wa saa kadhaa huzuia seli ya ini kusoma jeni zinazotengeneza vimeng'enya vya kujenga sukari. Ndiyo maana mwili wenye afya hauongezi sukari juu ya sukari baada ya mlo.

Amri isiposikika

Katika kisukari aina ya pili, ambacho ndicho cha watu wengi, insulini ipo lakini ini haliitii ipasavyo. Glukagoni nayo haishuki baada ya kula kama inavyopaswa. Matokeo yake ini huendelea kutengeneza sukari wakati damu tayari ina ya kutosha. Alfajiri hali huwa ngumu zaidi, kwa kuwa homoni kama kotisoli, zinazouandaa mwili kuamka, huliongezea ini msukumo. Ndiyo maana namba ya saa moja asubuhi inaweza kuwa juu kuliko ile aliyolala nayo mgonjwa.

Katika kisukari aina ya kwanza insulini karibu haipo kabisa. Kabla ya Frederick Banting na Charles Best kuipata insulini mjini Toronto mwaka 1921, watoto wenye ugonjwa huu walinyimwa chakula hadi wakabaki mifupa, na bado walikufa. Hakuna njaa inayoweza kulinyamazisha ini lisiloiona insulini. Huendelea kumimina glukosi, na pamoja nayo asidi zinazotokana na mafuta, hadi mgonjwa anapoteza fahamu.

Hapa ndipo kutojua kunapoua. Mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza akipata homa na kukataa kula, mzazi hufikiri: hajala, sukari itatoka wapi, insulini ya nini? Mtoto huyo bado anaihitaji insulini yake. Dozi inaweza kubadilishwa kwa ushauri wa daktari na sukari ipimwe mara kwa mara, lakini insulini haiachwi.

> Mtoto wa kisukari aina ya kwanza anayeugua na kukataa kula bado anahitaji insulini.

Ini linaposhindwa kutengeneza

Upande wa pili wa kazi hii Afrika Mashariki inaujua vizuri, ila hauitwi kwa jina lake.

Mtoto mwenye malaria kali huletwa hospitali akiwa hajala kwa siku nzima au zaidi. Akiba ya ini lake ni ndogo na imekwisha. Vimelea vilivyo ndani ya chembe nyekundu vinaishi kwa kuvunja glukosi, na vinaila kwa kasi kubwa kuliko chembe yenye afya. Ini linalougua haliwezi kufidia. Sukari ya damu ikiwa chini ya 2.2, tayari hiyo ni mojawapo ya dalili za malaria kali, na mtoto anaweza kupata degedege au kuzimia. Wazazi na hata wahudumu wanaweza kuyahesabu yote kuwa ni malaria imepanda kichwani, kumbe sehemu yake ingeondoka kwa glukosi kwenye dripu.

Kwinini, iliyotumika miaka mingi kutibu malaria kali, iliongeza tatizo, kwa sababu huichochea kongosho kutoa insulini. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa AQUAMAT uliohusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Waliopewa sindano ya atesuneti walikufa asilimia 8.5, na waliopewa kwinini asilimia 10.9. Kushuka kwa sukari baada ya kuanza tiba nako kulikuwa kuchache kwa waliopata atesuneti.

Pombe ni mfano mwingine. Ini linaposhughulika kuchoma kileo, kemia ya ndani ya seli hubadilika na malighafi ya kutengenezea sukari hugeuzwa kuwa asidi ya laktiki. Mtu aliyekula vizuri ana akiba ya glikojeni ya kumvusha. Aliyeshinda na njaa, akanywa gongo au chang'aa jioni, hana. Akikutwa amelala kando ya njia asubuhi, wapita njia husema amelewa, wamwache alale. Huenda sukari imemshuka na kila dakika ina thamani.

Ubishi wa kwanza: Ini litakuwa kisingizio?

Si kila mhudumu wa afya anafurahia hoja ya makala haya. Hofu yao inaeleweka. Mgonjwa akiambiwa kwamba sukari ya asubuhi inatoka kwenye ini, atasema chakula hakina neno na kurudi kwenye soda na maandazi. Wanaona ni heri kumbana kwenye chakula kuliko kumpa sababu ya kulegea.

Hofu hiyo ina msingi, kwa maana chakula kinahusika sana. Mlo wenye wanga mwingi hupandisha sukari ndani ya saa moja au mbili, na uzito unaoongezeka mwaka hadi mwaka huliharibu ini lenyewe. Mafuta yanapojaa ndani ya ini, ndipo linapoacha kuitii insulini.

Lakini ushahidi bora kwamba chakula ni tiba umepitia kwenye ini hilohilo. Mwaka 2011 Roy Taylor na wenzake wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, waliwapa watu 11 wenye kisukari aina ya pili mlo wa kalori 600 kwa siku. Baada ya wiki moja tu mafuta ya ini yalikuwa yamepungua kwa asilimia 30, na sukari ya kabla ya kula ilikuwa imeshuka kutoka wastani wa 9.2 hadi 5.9.

Utafiti mkubwa zaidi, DiRECT, ulitangazwa mwaka 2017. Ulihusisha watu 306 ambao walikuwa wamegunduliwa na kisukari ndani ya miaka 6 na hawakuwa wakitumia insulini. Kati ya waliosaidiwa kupunguza uzito kwa mpango maalumu, asilimia 46 walikuwa wameondokana na kisukari bila dawa baada ya mwaka mmoja. Kwa wenzao waliopata huduma ya kawaida, ni asilimia 4.

Kwa hiyo mgonjwa anayeelezwa habari za ini hapewi kisingizio. Anaelezwa kwa nini jitihada za leo zinalipa kesho asubuhi, na kwa nini kukwepa kijiko cha sukari kwenye chai hakutoshi ikiwa mwili wote unazidi kunenepa. Mpango wa kula kalori chache namna hiyo hufanywa chini ya daktari, hasa kwa anayetumia dawa.

Ubishi wa pili: Metfomini inafanyaje kazi?

Metfomini imekuwa dawa ya kwanza ya kisukari aina ya pili kwa miongo mingi, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Asili yake ni mmea wa Ulaya, Galega officinalis. Ilitengenezwa maabara kwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1922, na mwaka 1957 daktari Jean Sterne wa Paris akaripoti kuwa inashusha sukari kwa binadamu.

Wengi wanakubaliana kwamba hupunguza sukari inayotengenezwa na ini. Namna inavyofanya hivyo bado inabishaniwa.

Kundi moja linasema dawa huingia kwenye mitokondria na kupunguza nguvu inayozalishwa humo. Seli ya ini ikikosa ATP ya kutosha haiwezi kulipa gharama ya kujenga glukosi, na dalili za upungufu huo wa nguvu hukizuia moja kwa moja kimeng'enya kimojawapo cha kujenga. Kundi jingine, tangu mwaka 2001, limetaja kimeng'enya cha AMPK kinachopima hali ya nguvu ndani ya seli. Lakini mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba panya wasio na AMPK kwenye ini bado walishushwa sukari na metfomini.

Mwaka 2014 Gerald Shulman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale wakaleta maelezo ya tatu: dawa huzuia kimeng'enya kinachowezesha gliseroli na asidi ya laktiki kugeuzwa kuwa sukari. Wapo pia wanaosema sehemu ya kazi hufanyika kwenye utumbo kabla dawa haijafika kwenye ini.

Kwa mgonjwa, ubishi huu haupunguzi thamani ya kidonge. Unamfundisha jambo moja la maana: metfomini haisubiri wali wa mchana ili ipate kazi. Anayeiruka usiku kwa sababu hakula kitu kitamu ameliachia ini uhuru hadi asubuhi.

Si dawa zote ziko hivyo. Glibenklamaidi, ambayo nayo hutumika sana, hulazimisha kongosho kutoa insulini hata kama mtu hajala. Akiimeza na kukaa na njaa, insulini hulizuia ini kutengeneza sukari wakati ambapo sukari inahitajika. Mkono unaanza kutetemeka, kijasho chembamba kinatoka, maneno yanachanganyika. Vidonge viwili vya mgonjwa mmoja, katika bahasha mbili zinazofanana, vinadai tabia mbili tofauti.

> Metfomini hulizuia ini lisitengeneze sukari kupita kiasi. Glibenklamaidi huilazimisha kongosho itoe insulini. Mgonjwa anastahili kujua ni ipi iliyo mkononi mwake.

Ubishi wa tatu: Kufunga au kutofunga

Pwani yote, kuanzia Lamu hadi Kilwa na visiwani Unguja na Pemba, swali hili hurudi kila Ramadhani. Saa 13 hivi za mchana, kuanzia daku hadi futari, ndizo saa ambazo ini hubeba mzigo wote.

Utafiti wa EPIDIAR uliofanyika mwaka 2001 katika nchi 13, kwa wagonjwa zaidi ya 12,000, ulionyesha kwamba katika mwezi wa Ramadhani kushuka kwa sukari kwa kiwango cha hatari kuliongezeka mara 4.7 kwa wenye kisukari aina ya kwanza na mara 7.5 kwa aina ya pili. Wapo pia waliopandwa na sukari hadi kulazwa.

Baadhi ya madaktari hukataza moja kwa moja. Wagonjwa wengi hufunga hata hivyo, kimyakimya, kwa sababu funga kwao ni ibada na ni heshima ya kuwa sawa na jamaa zao. Dini yenyewe imemruhusu mgonjwa kula, lakini ruhusa hiyo wengi huona uzito kuitumia.

Mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2016 na kurekebishwa mwaka 2021, kwa ushirikiano wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, umechukua njia ya kati. Mgonjwa amwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, hatari yake ipimwe, dawa zipangwe upya. Apime sukari mchana. Mwongozo unaeleza kuwa kutoboa kidole hakubatilishi saumu. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikizidi 16.6, afungue saa hiyohiyo.

Masheikh na madaktari wanaokaa meza moja kabla ya Ramadhani wanaokoa watu. Anayeelewa kazi ya ini huelewa kwa nini mwenzake mwenye ugonjwa uleule anaruhusiwa kufunga na yeye anakatazwa.

Ugonjwa uliofika vijijini

Mwaka 1989 Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walichapisha utafiti wa vijiji sita vya Tanzania. Waliokutwa na kisukari hawakufika asilimia 1. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliotumia vipimo vya namna nyingine na kuwahusisha watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta sukari iliyopanda kwa karibu asilimia 9. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari linakadiria kwamba mwaka 2024 watu wazima milioni 589 duniani walikuwa na ugonjwa huu, na kwamba Afrika zaidi ya nusu ya walio nao hawajui.

Kwa idadi hiyo, elimu ya mgonjwa ni sehemu ya tiba kama kilivyo kidonge.

Yanayowezekana sasa

La kwanza ni kubadili maswali. Namba ya asubuhi ikiwa juu, aulizwe dawa ya usiku alimeza saa ngapi, ana homa, ana kidonda, amelala vizuri, ndipo lije swali la chakula. Pale inapowezekana namba hiyo isomwe pamoja na ile ya saa mbili baada ya kula na kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu.

La pili ni kila dawa kutolewa na maelezo ya sentensi moja au mbili: inafanya kazi wapi, na siku usiyokula ufanye nini nayo. Sentensi hizo hazihitaji bajeti.

La tatu linahitaji fedha. Mashine ya sukari na vijiti vyake viwepo hadi zahanati ya mwisho, na kila anayeletwa bila fahamu, mtoto wa malaria au mtu aliyekutwa barabarani, apimwe sukari kabla hajapewa jina la ugonjwa mwingine.

Wizara za afya zinapoandaa miongozo mipya ya kisukari, ukurasa wa kumfundishia mgonjwa uanze na ini, uandikwe kwa Kiswahili anachokisema nyumbani, na kila mgonjwa aondoke kliniki akiwa anaweza kumweleza jirani yake dawa ipi haachi hata akikosa kula, na ipi hamezi kabla sahani haijafika.